Muadhini wa Milango Miwili

Wametuhadithia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji mmoja ukingoni mwa jangwa, nchi ya Shamu, aliishi muadhini aitwaye Sinan bin Wahb. Sauti yake ilikuwa neema. Wasafiri walisimamisha ngamia wao nje ya mji wapate kuisikia hadi mwisho, na watu wa mtaa wake walijivunia kana kwamba ni wao walioizaa.

Mnara wa msikiti ule ulikuwa na jambo lake. Chini ya ngazi palikuwa na milango miwili. Mmoja ulitokea uani mwa msikiti, na wa pili ulitokea ndani ya nyumba ndogo ya wakfu, ambamo muadhini hukaa muda wote wa kazi yake; anayeacha kazi huacha na nyumba. Kwa miaka mingi Sinan aliutumia ule wa kwanza bila kufikiri. Akishuka hutokea uani, huingia safuni, huswali na wenzake, ndipo arudi kwa mkewe, Bi Lubaba, aliyemngoja na chakula na maneno ya kumchekesha.

Kisha Lubaba akaugua. Haikuwa homa ya kuja na kuondoka. Maradhi yalimlaza, yakamla nyama, yakamwacha hawezi hata kujigeuza ubavu. Hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Sinan alimwosha, alimlisha, alimgeuza ili mgongo usifanye vidonda, na katikati ya hayo yote akapanda mnarani kwa kila swala. Majirani walipomuuliza hali ya nyumbani alijibu, "Alhamdulillahi, hajambo kidogo," akafunga mlango. Aliona kumwonyesha mkewe katika hali ile ni kumvunjia heshima, na kuomba msaada ni kumshitaki Mola kwa waja wake. Hivyo ndivyo alivyoifahamu subira, masikini.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kwa Sinan zote mbili zilikuwa zikimponyoka, naye hajui aikaze ipi. Akiwa juu husikia kikohozi cha mkewe hata pale asipokohoa. Akiwa kitandani kwa mkewe hushtuka akidhani wakati wa swala umempita. Akaanza kuikata sauti, akaacha yale mavuto marefu yaliyompa jina, akashuka ngazi mbio kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Na alipofika chini, mbele ya milango miwili, husimama akababaika. Mara nyingine alitokea uani akaswali asijue ameswali rakaa ngapi. Mara nyingine alitokea nyumbani, akaswali peke yake kando ya kitanda, na jamaa wakamkosa safuni.

Hamdun muuza tende, mtu wa ulimi mwepesi, alimwambia mbele ya watu, "Sheikh Sinan, adhana yako siku hizi ina miguu. Inakimbilia wapi?"

Watu wakacheka, na Sinan akacheka nao.

Ramadhani ikaingia. Lubaba alikuwa na ruhusa ya kula, kama sheria inavyomruhusu kila mgonjwa, naye aliikubali ruhusa ya Mola wake. Lakini ikishaswaliwa alasiri hagusi tena maji wala dawa mpaka asikie sauti ya mumewe kutoka juu.

"Mke wangu, hili hukulazimishwa," Sinan alimsihi.

"Najua, bwana wangu. Swaumu imenipita mwaka huu. Futari nayo isinipite."

Basi kila jioni alimwekea kikombe cha maji mkononi, akakizungushia vidole vyake visivyo na nguvu, akapanda. Alipanda akijua kwamba kuna mtu mmoja chini anayekauka midomo kwa kumngoja yeye.

Siku moja vumbi likavuma kutoka jangwani tangu adhuhuri. Mji ukawa rangi ya majivu, mtu hamwoni jirani yake ng'ambo ya njia. Lubaba siku ile alikuwa taabani. Midomo ilimpasuka, macho yalimrudi ndani, na kikombe kilitetemeka mkononi. Akauliza, "Bado?" Sinan akasema bado. Punde akauliza tena. Sinan akatazama dirishani, akaona giza, akapanda.

Juu aligeukia magharibi. Hakuliona jua. Aliona giza limetanda kote, na moyo ukamwambia limekwisha kuzama. Akaadhini. Chini yake milango ilifungwa kwa ajili ya vumbi, na ndani ya kila nyumba watu wakasema Bismillahi, wakatia tende kinywani.

Alipokuwa akimaliza neno la mwisho, vumbi likainuka kidogo upande wa jangwani, ukabaki mwanya mwembamba kama ule ulio chini ya mlango. Na katika mwanya ule, ndugu yangu, jua lilikuwa zima, jekundu, halijagusa mchanga.

Sinan alifungua kinywa apige kelele. Wakati huo huo akamsikia mkewe akikohoa, safari hii kweli, akakifumba kinywa. Akashuka. Alipofika chini akasimama mbele ya milango miwili, miguu ikimvuta huku na huku, hata asijue ni yeye aliyechagua au ni miguu. Akajikuta yuko nyumbani.

Lubaba alikuwa amekinywa kikombe chote. Kwa muda mrefu hakuwahi kukimaliza. Uso wake ulikuwa na nuru, akasema, "Alhamdulillahi. Leo nimekunywa mpaka nimeshiba." Ng'ambo ya ukuta imamu akakimu swala, na watu wakaswali. Sinan hakusema kitu, si kwa mkewe wala kwa wale waliokuwa ng'ambo.

Alijiambia atasema kesho. Kesho akamwona Lubaba amelala usingizi mzuri, akaifikiria nyumba ya wakfu, akajiuliza atambeba mtu asiyeweza hata kugeuka ampeleke wapi. Akasema kesho kutwa. Jambo lililomtafuna zaidi ya yote halikuwa nyumba. Alipojiuliza, "Je, nilikosea kwa sababu ya vumbi, au nililiona jua limezama kwa kuwa nilitaka lizame?" hakupata jibu. Siku moja alijisamehe kabisa, na siku ya pili akajiona mwizi wa swaumu za mji mzima. Chakula kikamshinda. Mwezi ukaendelea kupungua, na watu wakaanza kushona nguo za Idi.

Mgonjwa hana kazi ila kutazama, na Lubaba alimtazama mumewe. Asubuhi moja akamwambia, "Bwana wangu, mimi ndiye ninayeumwa, mbona wewe ndiye unayekonda?"

Sinan akamwambia yote, hata lile la kutojua nafsi yake. Machozi yakamtoka Lubaba, akasema kwa upole:

"Ulipanda na kiu yangu. Kiu haina macho ya kutazama jua. Nenda ukawaambie kabla ya Idi, wasije wakatoka mwezini na deni wasilolijua."

"Na wakinivua kazi? Tutatoka humu. Nani atakugeuza ubavu, na mimi nikitafuta riziki barabarani?"

"Aliyenigeuza tumboni mwa mama yangu hakuwa wewe."

Alasiri ile Sinan alitokea kwa mlango wa uani. Baada ya swala alisimama, na wanawake walikuwa nyuma ya pazia lao. Akaeleza: adhana, mwanya, jua. Akasema mkewe alikuwa mgonjwa, na akataja kiasi cha ugonjwa wake kwa mara ya kwanza. Msikiti ukachafuka.

"Umetulisha mchana wa Ramadhani!" alifoka Hamdun. "Mimi nikimuuzia mtu tende mbovu huniita dhalimu. Na huyu je?"

Kadhi wa mji, Sheikh Mughith, alikuwepo. Alikuwa mtu mkavu wa maneno. Akauliza, "Sinan, ulidhani limezama, au ulitaka lizame?"

"Hapo ndipo nisipopajua, maulana. Nimepatafuta siku zote hizi."

"Na swala ya magharibi tuliyoswali, jua lilikuwa limekwisha kuzama?"

"Hilo pia sijui. Nilikuwa ndani kwangu."

Kadhi akainamisha kichwa, kisha akamgeukia Hamdun. "Wewe ulifuturia wapi siku ile?"

"Dukani kwangu, maulana."

"Ulitoka nje kulitazama jua?"

"Kwa vumbi lile? Nilisikia adhana."

"Nami nilisikia adhana. Sote tulifuturu kwa masikio." Akahukumu kwamba watu waikidhi siku ile baada ya Idi, na waikariri swala ile. Kisha akanyoosha mkono kwa Sinan. "Nipe ufunguo wa mnara."

Sinan akautoa. Akaifikiria nyumba, na kitanda, na mlango ambao kitanda kile kingepitia.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Bi Umama, mwoka mikate, ambaye tanuri lake limeegemea ukuta wa nyumba ile ya wakfu. "Maulana Kadhi, niruhusu. Ukuta ule ni mwembamba. Miezi yote hii namsikia Lubaba akikohoa, na kila nikibisha naambiwa hajambo. Nilidhani hawatutaki. Nilikasirika, Mungu anisamehe, nikaacha kubisha. Kumbe mtu huyu alikuwa akikimbia ngazi zile akiwa peke yake, na sisi tupo!" Akalia, na wanawake wenzake wakalia naye.

Kadhi akamgeukia Sinan. "Umekiri kosa moja, umesahau la pili. Jirani ana haki kwako, na haki yake mojawapo ni kuambiwa." Akaurudisha ufunguo kiganjani mwake. "Utapanda. Ila magharibi hutapanda mpaka mmoja wa wanawake hawa awe amekaa na mkeo. Na ukishuka, utatokea kwa mlango huu."

Baada ya Idi, mtaa wote ulifunga siku moja pamoja, hata Hamdun, ambaye alileta tende nzuri kuliko zote na kunung'unika tangu asubuhi. Mbingu ilikuwa safi. Bi Umama alikaa kando ya Lubaba na kikombe. Sinan alipanda, akalitazama jua mpaka likazama lote, akangoja kidogo juu ya hapo, kisha akaadhini kama zamani, kwa mavuto yake yote, bila haraka. Akatokea uani, akaswali, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alijua yuko rakaa ya ngapi.

Alipoingia ndani Lubaba alikuwa akitabasamu. "Leo umerefusha," alisema. "Nimemaliza kikombe na wewe bado uko juu."

Haukupita mwaka ila Bi Lubaba alirejea kwa Mola wake, Mwenyezi Mungu amrehemu, nyumba ikiwa imejaa majirani. Sinan aliadhini hata akazeeka. Vijana walizoea kumuuliza, "Babu, siku ile ya vumbi ulidhani, au ulitaka?" Naye hujibu, "Mpaka leo sijui, wanangu. Basi naomba maghufira kwa yote mawili."

Nasi, ndugu zangu, wangapi tuna wagonjwa majumbani na amana mikononi, na tukiulizwa hali tunasema hajambo kidogo? Mara nyingi hatujui tumekosea wapi, wala nia ilikuwa ipi. Tuliseme lile tuliloliona, na tumfungulie mlango jirani anayebisha. Yaliyobaki vifuani anayajua Aliyeviumba.