Mshenga wa Nguchiro na Swali la Mayai

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walionyimwa chakula cha mchana. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Na nyinyi wakubwa mlioko nyuma, acheni kunong'ona. Hii inawahusu kuliko watoto.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiombana kazi kwa adabu, palikuwa na ukoo wa Nguchiro. Walikaa kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa. Nguchiro mnawajua. Mwili mwembamba, mkia mrefu, miguu mifupi. Na yai la ndege likiwa njiani, Nguchiro halipiti.

Adui yao alikuwa Kipanga. Nguchiro wakichimba wadudu, vichwa viko chini. Nani atatazama juu? Watoto wakitoka kucheza, vuuu! Kivuli. Twaa! Mtoto hayupo.

Wakakaa kikao. Wakasema, "Tumwombe Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, awe mlinzi wetu. Ana macho, ana sauti, anakaa juu." Wakateua mshenga wa kupeleka ombi. Nani? Makeke. Kijana wa maneno huyo. Akikusalimia tu, unashiba.

Sasa ukoo huo ulikuwa na mila yake. Mshenga akitumwa, hupakwa mafuta, husifiwa, huimbiwa. Neno gumu haambiwi, eti ni mkosi. Basi Makeke akasimama katikati, akayatoa maneno yake yote ya asali. Vigelegele! Akayarudia. Vigelegele tena!

Shangazi yake, Bi Kidawa, alikuwa amekaa pembeni, amempakata mjukuu wake Zena. Akauliza, "Mwanangu Makeke, na wakikuuliza juu ya mayai?"

Makeke akamgeukia.

"Shangazi! Unanitia mkosi?"

"Sikutii mkosi. Nakuuliza kabla hawajakuuliza wao. Wale ni ndege, baba."

"Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, shangazi, sembuse Hondohondo mtini!"

Wakacheka wote. Wakamcheka mama mtu mzima, hawakuona haya. Bi Kidawa akaendelea kumchambua Zena viroboto.

Makeke akashika njia. Tepe tepe, tepe tepe, mkia juu. Njiani akakuta yai la kwale. Akasema, "Mshenga haendi na njaa." Akalishika, akaligeuzia mgongo, akalirusha nyuma katikati ya miguu yake kama wafanyavyo Nguchiro. Likagonga jiwe, pwaa! Akalilamba lote. Akaenda.

Hondohondo nao wana desturi yao. Mke akitaka kutaga, huingia kwenye tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo. Unabaki ufa mwembamba tu. Mume huhangaika huko nje, akileta chakula hukipitisha kwenye ule ufa. Makeke alimkuta mume tawini, amekonda, anahema.

"Hodi, Bwana Hondohondo!"

"Karibu, mgeni. Una habari gani?"

"Njema tu! Sisi tukitembea majanini, panzi wanaruka. Ruka, ruka, ruka! Wewe njoo ukae juu yetu, uokote tu. Kazi yako ni kupiga kelele ukimwona Kipanga. Basi!"

Hondohondo akameza mate. "Panzi wa kuokota? Mimi nimechoka kuwasaka peke yangu. Mke wangu, unasikia?"

Makeke moyoni akasema, nimeshampata.

Sauti ikatoka kwenye ufa. "Nasikia. Mgeni, karibu. Nina swali moja tu."

"Uliza, bibi yangu, uliza!"

"Mimi hapa nimelalia mayai. Nyinyi mnakula mayai?"

Jamani. Makeke akafungua kinywa. Akatafuta jibu kichwani, akakuta vigelegele vitupu. Akatafuta tena. Vigelegele.

"Sisi? Mayai? Hata harufu yake hatuijui!"

"Hebu panda kidogo, usogee kwenye ufa nikuone."

Makeke akapanda, akasogea.

"Mbona kiini kimekukaukia kwenye sharubu?"

Kwe! Kwe! Kwe! Ndege kwenzi wote waliokuwa mtini wakaangua kicheko. Makeke akaungua kuanzia masikio mpaka ncha ya mkia. Akajifuta sharubu. Kule kujifuta ndiko kulikomaliza kila kitu. Njia ya mwongo ni fupi, wenzangu, na ya huyu haikufika hata mizizini. Hondohondo akamgeuzia mgongo, akasema, "Nenda salama."

Alipofika nyumbani, ukoo wakamzunguka. "Wamesemaje?" Akajibu, "Ah, wale wana maringo. Hawatufai." Wakamwamini. Bi Kidawa alimtazama tu, hakumuuliza neno. Makeke akatamani aulizwe, akatamani asiulizwe, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake jua la utosi, watoto wakatoka kucheza. Vuuu! Twaa!

Alikuwa Zena.

Bi Kidawa alilia kilio ambacho sitakiiga mbele ya watoto. Makeke akajichimbia chini kabisa ya kichuguu. Aliona haya kutoka, akaona haya kubaki. Kila aliyempita na kumwambia "pole" alikuwa kama anamchapa.

Mwisho akatoka, akamwendea shangazi yake, akapiga magoti. "Shangazi, waliniuliza lile la mayai. Nikasema uongo. Wakanifukuza, na nyinyi nikawadanganya."

Bi Kidawa akazitazama sharubu zake. Kisha akasema, "Nilijua. Ulirudi na kiini sharubuni, umekipangusa nusu."

"Nifukuze, shangazi."

"Nikikufukuza, nani ataenda? Hawa wengine wanajua kusifu tu. Kaa hapa. Mimi sasa ndiye mke wa Hondohondo. Mnakula mayai?"

"Tunakula... kidogo."

"Kidogo ndiyo nini? Jibu tena."

"Tunakula, bibi."

"Basi kwa nini nikuamini?"

Makeke akakwama. Bi Kidawa akamrudisha mwanzo. Akijibu vibaya, anamrudisha. Akijibu kwa ujanja, anamrudisha. Anauliza huku machozi yanamtiririka, wala hayafuti. Makeke hakuweza kumtazama usoni. Alitazama miguu yake, akajibu, akajibu, mpaka majibu yakawa hayana pa kukwama.

Akarudi kule mtini. Safari hii bila mafuta, bila wimbo. Kwenzi wakamwona, wakaanza, kwe! kwe! Akawaacha wacheke. Akasimama chini ya ufa.

"Bibi, nilikudanganya. Tunakula mayai. Mimi nilikula la kwale siku ile ile, njiani kuja kwako."

Sauti ya ndani ikauliza, "Basi kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini mimi. Tazama mambo yalivyo. Watoto wetu wako chini, mumeo yuko juu. Siku mmoja wetu akigusa yai lako, mumeo anyamaze tu Kipanga akija. Sisi ndio tutakaolia."

"Na mwenzenu mmoja akizidiwa na tamaa?"

"Mti huu hatuusogelei, na atakayeusogelea tumekubaliana atafukuzwa kichuguuni. Nimewauliza mmoja mmoja kabla sijaja. Waliosita tulizungumza nao hadi wakaapa."

"Maneno haya siku ile hukuwa nayo?"

Makeke akainamisha kichwa. "Yalikuwepo nyumbani. Shangazi alitaka kunipa, nikacheka. Tumempoteza mtoto."

Sauti kwenye ufa ikasema, "Baba watoto, nenda nao."

Hondohondo akaja. Akakaa juu ya mti mkavu, panzi wakaruka, akaokota, akampelekea mkewe. Na siku Kipanga alipotokea, kokoo! kokoo! kokoo! Watoto wote mbio, purukushani, ndani ya kichuguu. Kipanga akaambulia vumbi.

Ukoo ukalipuka kwa shangwe. "Makeke! Mshenga wetu Makeke!" Wakamtafuta wampake mafuta.

Makeke alikuwa amesimama mlangoni. Watoto walikuwa wameshaingia wote. Bi Kidawa alikuwa bado amekaa pale nje, mkono ameunyoosha, anamngoja Zena aingie. Makeke akaenda, akakaa kando yake, akainamisha uso, wala hakujibu alipoitwa.

Basi wenzangu, funzo ni hili. Ukienda kumshawishi mtu, swali gumu jiulize mwenyewe kwenu kabla hujaulizwa ugenini, na jibu lake liwe la kweli. Anayekuuliza kabla hujatoka hakutii mkosi, anakupenda.

Hadithi yangu imefika pale kichuguuni, nami naiacha hapo hapo.