Bega Chini ya Jeneza

Asubuhi leseni ilipofika, Muntazir alikuwa amechuchumaa mlangoni akikwangua theluji iliyoganda kwenye viatu vya binti yake Rida. Ilikuwa Novemba mwaka 2014. Mtu wa posta alimpa bahasha, naye akaifungua palepale, mikono bado imelowa. Ndani mlikuwa na kadi ndogo yenye picha yake, kanuna kama mtu aliyesingiziwa, na maneno yaliyosema kuwa ameruhusiwa kufanya kazi ya upelelezi binafsi katika jimbo la Ontario, Kanada.

Alimwita mkewe aje aone. Sughra alikuja na mwiko mkononi, akaiangalia kadi mbele na nyuma.

"Ndiyo hii tu, Baba Rida?"

Ndiyo hiyo tu. Kwa ajili yake Muntazir alihudhuria kozi wiki nzima, akaanguka mtihani, akarudia. Akiba waliyoiweka ili mama yake Sughra aende ziara Karbala iliishia kwenye kozi hiyo na kwenye kamera nzuri. Kwa miaka mingi alikuwa mlinzi wa ghorofa moja kule mtaa wa Jane na Finch, akiwafungulia watu mlango ambao wangeweza kuufungua wenyewe, na alikuwa amechoka. Siku moja alimwona mpelelezi amekuja pale na koti refu na gari safi, watu wakimjibu kwa adabu. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Sughra alimwonya mapema. Alimwambia kazi ya mtu ukiitazama kwa nje haikwambii kitu, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake ni kwamba taabu ya jambo huijua aliye ndani yake, si yule anayelitazama kwa mbali. Muntazir alicheka, akasema basi yeye atakilalia, na hao kunguni atawaua mmoja mmoja.

Habari za leseni zilifika msikitini Thornhill kabla yake. Baada ya mawaidha ya majlisi, watu wakiwa wamesimama na vikombe vya chai, Alnasir muuza matairi alimwita mbele ya wote.

"Mpelelezi, karibu. Tuanze na kesi ndogo. Nani alivaa viatu vyangu Alhamisi iliyopita akaniachia hivi vyenye tundu?"

Watu walicheka. Hata Anverali, aliyekuwa amekaa kwenye kiti nyuma kabisa kwa sababu ya mgongo wake, alicheka mpaka akajishika kiuno.

Leseni peke yake haikumruhusu Muntazir kujiajiri. Ilibidi awe chini ya kampuni, na kampuni moja ndogo ilimchukua kwa majaribio. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa ndani ya gari. Alikaa Januari nzima, injini imezimwa kwa sababu moshi ungemtambulisha, miguu imekufa ganzi, akila kachori baridi na kukojoa kwenye chupa. Akirudi nyumbani alikuwa amekakamaa kama nguo iliyoanikwa kwenye baridi. Alimwambia Sughra kwamba kama kunguni wenyewe ndio hawa, basi wanavumilika.

Mwezi wa pili meneja wake, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimwita ofisini akampa faili. Juu yake paliandikwa jina la Anverali. Anverali alikuwa ameteleza kwenye kiwanda cha mikate alikokuwa akifanya kazi, akaumia mgongo, na kampuni ya bima ikawa inamlipa kila wiki. Sasa bima ilikuwa na shaka naye. Meneja alisema mtu huyu anashinda msikiti wa Thornhill, na pale Muntazir hatashtukiwa na mtu. Kisha akamuuliza kama anamjua, maana sheria ya kampuni ilikuwa wazi: ukimjua mtu, unarudisha faili.

Muntazir aliwaza jinsi majaribio yake yanavyokaribia kwisha. Aliwaza ziara ya mama mkwe.

"Simjui," alisema.

Moyoni alijituliza kwamba kama Anver bhai, yaani kaka Anver kama walivyomwita msikitini, ni mkweli, kamera itauonyesha ukweli wake. Na kweli, siku za mwanzo hakuona kitu. Anverali alikwenda kwa daktari, akarudi, akavuta pazia.

Halafu Mzee Kurbanali akafariki, yule aliyemfundisha Muntazir kusoma Kurani alipokuwa mtoto kule Tanga, kabla wote wawili hawajahamia Kanada. Siku ya mazishi Muntazir aliegesha gari mkabala na mlango wa ukumbi wa msikiti, kamera mapajani. Jeneza lilipotoka, wanaume walijaa kama siafu. Kila mtu aliyezikwa mbele yake tangu utotoni alibebwa hivyohivyo: hakuna anayeondoka bila kutoa bega lake, japo kwa hatua mbili tatu, kisha anampisha mwenzake. Jeneza hupita juu ya mabega kama jani juu ya maji.

Anverali alimpa mkewe Noorbanu fimbo yake, akaingia kati ya watu, akaweka bega. Uso ulimkunjamana. Kidole cha Muntazir kikabonyeza chenyewe.

Alichukua picha za sekunde chache tu. Baada ya hapo akakumbuka ni nani aliyelala mle ndani. Aliacha kamera kwenye kiti, akakimbia, akajipenyeza. Anverali alimwona.

"Shika hapa, Muntazir. Mimi imetosha."

Muntazir aliingia mahali pale pale, bega lake likachukua nafasi ya bega lile. Hapakuwa na uzito. Vijana warefu mbele na nyuma walikuwa wamelinyanyua jeneza lote, na ubao haukumgusa ila kama kitambaa kinavyogusa. Aliporudi garini alimwona Anverali amekaa kwenye kiti cha gari lake, mlango wazi, macho yamefumbwa, na Noorbanu akimwingiza ndani mguu mmoja mmoja kwa mikono yake. Hilo kamera haikulipata.

Kwenye ripoti Muntazir aliandika yote mawili: kwamba mtu huyu aliweka bega tu bila kubeba, na kwamba mkewe ndiye aliyemwingiza garini. Meneja aliisoma, akaitazama picha mara mbili.

"Nahitaji ulichokiona, si ulichokihisi. Umejuaje kwamba hapakuwa na uzito?"

Jibu lilikuwa fupi, lakini lingesema kila kitu: kwamba aliacha kazi akaenda kubeba, kwamba marehemu alikuwa mwalimu wake, kwamba Anverali anamwita kwa jina. Leseni ingekwenda. Muntazir alisema alikuwa anakisia tu. Akaambiwa afute sehemu ile, naye akaifuta.

Wiki iliyofuata aliajiriwa rasmi. Na Anverali akasimamishiwa malipo. Noorbanu, ambaye tangu aje Kanada hakuwahi kufanya kazi nje ya nyumba, akaanza kufanya usafi kwenye maofisi.

Barua ya bima ilitaja picha, hivyo msikitini watu walijua kwamba kuna mtu alipiga picha mazishini. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumshuku. Ijumaa moja Anverali alikuja polepole na fimbo yake, akaketi karibu na Muntazir.

"Wewe una leseni," alisema. "Nitafutie huyo mtu. Simtakii ubaya. Labda si mwenzetu, hajui tunavyobeba maiti. Akijua, atakwenda kuwaeleza bima."

"Mlipe kwanza, Anver bhai," Alnasir alidakia. "Siku hizi huyu hashikiki."

Muntazir alisema ataangalia.

Nyumbani alimweleza Sughra mwanzo hadi mwisho. Sughra hakumkumbusha ziara wala hakusema alimwonya. Alimuuliza kitu kimoja tu, kama anangoja Anver bhai aambiwe na nani.

Muntazir alichukua simu akaandika: "Anver bhai, usitafute tena. Ni mimi. Niliingia mahali pako chini ya jeneza na hapakuwa na uzito. Jumatatu nakwenda kuwaambia bima na kampuni hivyo, na leseni waichukue. Nisamehe." Akatuma.

Alama mbili pembeni ya ujumbe ziligeuka buluu. Anverali alikuwa ameusoma. Muntazir aliweka simu mezani kando ya ile kadi yenye picha iliyonuna, akangoja. Jumatatu alikwenda, akasema, akarudi bila kadi. Simu ilikuwa bado kimya. Hapo, bila kazi wala jibu, ndipo alipowajua kunguni wa kitanda cha Anver bhai, na wa chake mwenyewe pia, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.