Kijana Anaendesha? Makapu Matatu

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na gari.

Lilikwenda?

Lilikwenda, tuk-tuk-tuk. Pandeni twende nalo.

Basi, wanangu, hapo kale wanyama walikuwa na magari, na mwenye bima alikuwa mmoja tu, Bwana Fisi. Bima yake ilikuwa hivi: kila masika unampelekea kapu moja la kumbikumbi. Gari lako likitumbukia mtaroni, yeye analitengeneza. Lisipotumbukia, yeye anakula kumbikumbi. Magari yalitumbukia mara chache. Bwana Fisi akanenepa.

Bi Nguchiro alikuwa na kijigari kikuukuu. Zamani mumewe ndiye aliyekiendesha, mpaka nyoka alipomtemea mate machoni. Tangu hapo usukani ulishikwa na binti yao, Zawena. Zawena aliendesha taratibu, taratibu, hata konokono wakamwambia, "Dada, tupishe."

Fisi akasikia. Akaja, chopi, chopi, chopi.

"Hodi humu."

"Karibu, Bwana Fisi."

"Bi Nguchiro, una kijana humu ndani?"

"Yupo."

"Kijana anaendesha?"

"Anaendesha."

"Basi makapu matatu."

Bi Nguchiro akashika kiuno. "Matatu, bwana? Hicho ndicho chakula chetu chote. Tutakula nini masika haya?"

"Kuleni upepo. Damu ya kijana inachemka. Leo kaendesha, kesho kagonga."

"Huyu hajagonga hata sisimizi."

"Sikuuliza kama kagonga. Nimeuliza kama anaendesha." Akaondoka, chopi, chopi, chopi.

Zawena akaweka ufunguo mezani. "Mama, basi niache kuendesha."

"Na baba yako atakwenda kwa mganga wa macho kwa miguu ya nani? Shika ufunguo wako, mwanangu. Kisha kachume ukwaju."

Wanyama walipokutana barazani, Bi Nguchiro akasimama.

"Bwana Fisi, kichwa changu kidogo, nisaidie. Anayeendesha hutoa makapu matatu?"

"Matatu."

"Kijana tu?"

Fisi akafikiria makapu. Akaramba midomo. "Yeyote."

"Hata wewe?"

Fisi akacheka, hii-hii-hii. "Mimi hubebwa, mama. Siku nikiendesha, nitaleta makapu matatu hapa mle nyote."

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia," wakaitika wanyama.

"Vyema. Basi kesho karibuni kwangu nyote, mshuhudie nikimpa Bwana Fisi haki yake."

Kesho yake wakaenda. Uani palikuwa na chungu cha uji wa ukwaju, umekolea asali, unanukia mpaka njiani. Zawena akamjazia Fisi kikombe.

"Kikombe kimoja kinatosha, Bwana Fisi," akasema Bi Nguchiro. "Ukwaju wa huku una nguvu."

"Kikombe kimoja ni cha watoto."

Akanywa cha pili, kupu-kupu-kupu. Akakiacha kikombe, akainua chungu, kupu-kupu-kupu. Akaulamba na mwiko.

Kisha tumbo likasema: ngurrr.

Kobe akageuza shingo. "Gari la nani hilo linalonguruma?"

Ngurrr, ngurrr, ngurrr. Fisi akaruka, akatimka hadi nyuma ya kichaka. Prrrrr. Akarudi, akakaa, ngurrr, akatimka tena.

"Maskini," akasema Kobe. "Ana nini Bwana Fisi?"

Zawena akainamisha kichwa kwa adabu. "Anaendesha, babu."

Wanyama wakatazamana. Wakaangua kicheko, wakaimba huku wakipiga makofi:

"Fisi anaendesha? Anaendesha. Basi makapu matatu."

"Jamani," Fisi akalia kichakani, "kuendesha huku siko kule."

"Hukuuliza ni kupi," akasema Bi Nguchiro. "Uliuliza kama mtu anaendesha."

"Lakini sikumharibia mtu njia. Nimekwenda pembeni, kwa heshima zangu. Mtu anayeendesha bila kumdhuru mwenzake atatozwaje sawa na mharibifu? Hiyo ni haki?"

"Si haki kabisa, bwana. Atozwe mangapi?"

"Kapu moja."

"Hata akiwa kijana?"

Ngurrr. "Hata akiwa kijana. Niacheni, jamani, nina kazi huku."

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia."

Hivyo Bi Nguchiro akatoa kapu moja, na makapu mawili yakabaki jikoni kwake. Na kwa kuwa Fisi hakuweza tena kutembea, wakampakia katika kijigari, Zawena ampeleke kwake. Tuk, tuk, tuk. Taratibu, taratibu. Konokono wakawapita.

Ngurrr.

"Zawena, mjukuu wangu," akasema Fisi huku amejikunja, "kanyaga mafuta kidogo."

"Siwezi, babu. Damu yangu itachemka."

Hadithi yangu naiegesha hapa. Ikiwa tamu, shukeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni humu garini.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukikaribishwa uji, usinywe kikombe kimoja. Maliza chungu chote, na mwiko uulambe. Ndivyo sheria nzuri zinavyopatikana.