Tandiko Alilolisifu Kaberia

Isome hii taratibu, halafu umpelekee mtu mmoja tu: yule ambaye kila ukitaka kumwambia jambo, unaishia kuzungumzia mvua.

Upande wa Timau kuna mashamba ya ng'ombe makubwa kiasi kwamba walinzi wa uzio huzunguka kwa farasi. Huko aliishi mzee aliyeitwa Mbaabu, karani wa ardhi mstaafu. Mwaka aliostaafu ndio mwaka aliofiwa na mkewe. Nyumba ilikuwa kimya mno hata akawa anaiacha redio iongee peke yake kutwa nzima.

Kilichomwokoa ni ngozi. Alianza kwa kushona mkanda wa suruali, kwa kujifurahisha tu. Ukafuata mfuko wa panga, kisha hatamu. Siku moja akapata gazeti kuukuu lenye picha za wachunga ng'ombe wa Marekani, na matandiko ya farasi wao yaliyonakshiwa maua kila mahali. Akalitazama kwa wiki nzima, halafu akasema atatengeneza tandiko moja kama hayo.

Lilimchukua miezi kumi na minne. Kiunzi cha mbao alichonga mwenyewe. Maua aliyachora moja moja, na uzi aliupaka nta mpaka vidole vikapasuka. Mwenyewe hakuwahi kupanda farasi hata mara moja.

Lilipokamilika, alimpelekea mdogo wake, Kaberia, aliyekuwa mlinzi wa uzio katika shamba mojawapo. Wafanyakazi walitoka wote kuja kulitazama. Wengine waliyapapasa yale maua kama watu walioingia duka la vitambaa.

Lekupe, mtunza farasi, ndiye pekee aliyeinama kutazama chini yake. Alilitandika juu ya farasi wa Kaberia, akapitisha mkono kati ya ngozi na mgongo wa farasi. Mkono haukupita.

"Mzee," alisema kwa upole, "linambana hapa begani."

Mbaabu alimkazia macho. "Wewe umeshona matandiko mangapi?"

"Sijashona hata moja, mzee."

"Basi nyamaza."

Kaberia akaingilia haraka, "Linanifaa sana, kaka. Sijapata kukalia kitu kizuri hivi." Akapanda, akazunguka uwanja akicheka, na uso wa Mbaabu ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Tangu hapo, Jumapili moja kila mwezi, Mbaabu alikwenda kwa mdogo wake na kopo la mafuta. Alilipangusa tandiko juu na chini, akiuliza, "Linakwendaje?"

"Safi kabisa, kaka," Kaberia alijibu kila mara.

Likapita karibu mwaka. Kisha, Jumatatu moja asubuhi, siku moja tu baada ya Mbaabu kutoka kulipaka mafuta, farasi aliruka ghafla karibu na mtaro wa maji. Aliruka tena na tena kama aliyechomwa moto, mpaka Kaberia akaanguka kichwa kikitangulia. Alilala hospitalini siku mbili bila kufumbua macho. Siku ya tatu wakamwita Mbaabu aje kuutambua mwili.

Baada ya mazishi, Mbaabu alikwenda shambani kuchukua vitu vya marehemu. Akamkuta farasi zizini. Begani, pande zote mbili, palikuwa na makovu ya zamani, na juu ya makovu kidonda kibichi. Akaliinamia tandiko lililokuwa kando, akaligeuza.

Kando ya mishono yake kulikuwa na matundu mengine. Yalikuwa makubwa, yamepinda, ya mtu asiyejua kushona. Mara zote alizolipaka mafuta aliyaona, akadhani ni wadudu.

Alilibeba hadi kwa Nkirote, mjane wa Kaberia, katika nyumba za wafanyakazi.

"Shemeji, haya matundu ni ya nini?"

Nkirote aliinuka. Alifungua kabati, akatoa kipande cha blanketi kilichokunjwa mara tatu, pembeni kikiwa na nyuzi zilizokatwa.

"Alikuwa anakishona chini ya tandiko ili farasi asiumie," alisema. "Akijua unakuja, anakitoa usikione. Ukishaondoka, anakirudisha. Jumapili ile uliondoka umechelewa, naye akasema atakishona Jumatatu akirudi kazini."

Mbaabu alishika ukingo wa meza. "Kwa nini hakuniambia? Mimi ni kaka yake!"

"Alijaribu, shemeji. Mara mbili alikuja kwako ameshaamua. Mara zote mbili alirudi akaniambia, 'Nimemkuta anafurahi.'" Alikikunja kile kipande upya ingawa kilikuwa kimeshakunjwa. "Na alikuogopa. Sote tulikuogopa. Mtu akikukosoa kazi yako, humsemeshi tena."

Mbaabu alitaka kukana. Alitafuta jina la mtu mmoja, mmoja tu, aliyewahi kumwambia amekosea na bado akabaki rafiki yake. Alikaa pale mpaka chai aliyowekewa ikapoa, na jina halikuja.

Alipotoka alimfuata Lekupe, aliyekuwa akimwosha farasi kidonda. Akaliweka tandiko chini.

"Nionyeshe linapobana."

Lekupe hakulitazama tandiko. Alimtazama mzee usoni kwanza, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima iwapo mbwa atamrukia. Mbaabu aliyaona yale macho, na akajua hivyo ndivyo mdogo wake alivyomtazama kwa mwaka mzima.

"Nionyeshe, tafadhali," alirudia.

"Kila mahali, mzee," Lekupe alisema. "Linabana kila mahali."

Funzo: Ukiwa mtu asiyeambiwa kosa lake, kosa haliondoki; wanaokupenda ndio watakaolibeba kimya kimya, mpaka liwaangushe.