Maiti Aliyegonga

"Maiti akigonga, fungua, kusahihisha baadaye." Asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani maneno hayo, pale jirani aliposema mtoto wake anayelia anadeka tu. Mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo, ingawa ningependa nisingekuwepo.

Miaka hiyo nilikuwa seremala wa shule moja huku huku kwetu Rungwe. Mwalimu Mwakyoma ndiye aliyewafundisha wanafunzi maigizo. Kanuni yake ilikuwa moja: mchezo ukianza haukatishwi, hata paa likianguka. Anayeongeza jambo lisiloandikwa hufagia ukumbi wiki nzima. Mfagiaji mkuu alikuwa Lusekelo wa kidato cha pili, aliyepewa nafasi ya tajiri anayejifanya amekufa ili ajue nani atamlilia kwa dhati. Kwenye mazoezi maiti huyo alipiga chafya, akajikuna, siku moja akaagiza chai.

Jeneza nilitengeneza mimi. Ubavuni nilitoboa matundu ya hewa. Lakini mbao zilikuwa mbichi. Nilijua, nikanyamaza.

Siku ya onyesho ilinyesha mvua kubwa hata vyura wakapiga hodi madarasani. Jeneza lilivushwa uwanjani bila turubai, likalowa, mbao zikavimba. Wabebaji walipomlaza Lusekelo ndani na kusukuma kifuniko, kililia kriii. Nikashika kamba ya pazia, nikajiambia: kitafunguka tu.

Jukwaani Tusekile, aliyeigiza mjane, alilia kilio kilichowashinda wazazi. Akina mama wa mstari wa mbele wakasahau kwamba ni mchezo. Wakainuka mmoja mmoja, wakavua kanga zao mabegani, wakalifunika jeneza kama wanavyomsitiri marehemu. Kanga ya kwanza, ya tano, ya kumi. Matundu yangu yakazibwa yote.

Ko, ko, ko.

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu, aliyesimama nami kando ya pazia, akasaga meno. "Lusekelo huyu! Atafagia mpaka amalize shule." Akawapungia waimbaji wapandishe sauti.

Ko, ko.

Wimbo ukapaa. Mimi nilijua kugonga kule si utani, lakini nikazidi kuishikilia kamba ya pazia.

Ko.

Kisha kimya. Tusekile akaacha kulia.

"Lia, binti!" Mwalimu akanong'ona kwa ukali. "Lia!"

"Mwalimu, maiti anagonga."

"Maiti wa mchezo huu hagongi! Sikumwandikia kugonga!"

"Sasa ameacha, Mwalimu. Na Lusekelo hajawahi kuacha utani watu wakiwa bado wanacheka."

Tusekile akazitupa kanga chini, akavuta kifuniko kwa kucha. Hakikutikisika. Akanigeukia: "Baba fundi, patasi!"

Hapo ndipo miguu yangu ilipokumbuka kazi yake. Nilichomeka patasi, nikapiga, nikapiga tena. Mara ya tatu ubao ukapasuka.

Lusekelo alikuwa na rangi ya majivu, ncha za vidole zimechubuka. Tukamtoa, tukamlaza sakafuni, Tusekile akampepea kwa kanga. Kifua hakikupanda. Nawaambia hata mvua ilikatika ili isikilize. Mama mmoja akaanza kilio, na safari hii hakuna aliyekiita mchezo.

Halafu kijana akavuta pumzi moja ndefu, akakohoa, akamtafuta Mwalimu kwa macho.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Nimegonga."

Mwalimu Mwakyoma akaketi chini pale pale, mbele ya wazazi, akajifunika uso kwa daftari lake la mchezo.

Wiki nzima iliyofuata, ukumbi aliufagia yeye. Nami nilikwenda kila asubuhi kumzolea taka. Hakuniuliza kwa nini, wala sikumwambia habari za mbao. Na tangu hapo, kila alipopata wanafunzi wapya wa maigizo, kabla hajawafundisha kusimama wala kutamka, aliwaandikia ubaoni maneno yale mliyoyacheka asubuhi: maiti akigonga, fungua, kusahihisha baadaye.