Kwa Nini Udongo wa Matofali Huchanganywa na Pumba

"Wifi, hizo ni taka! Utamlaza mama yangu ndani ya taka?"

"Basi kanyaga wewe, Holo. Njoo ukanyage. Mimi miguu imekwisha."

Walikuwa wakigombana hivyo, Nyanzobe na wifi yake, katika zama ambazo tofali lilikuwa udongo mtupu. Watu wa bondeni walichimba udongo wa kichuguu, wakauchekecha kama unga wa uji, wasibakize hata jani moja. Udongo safi, walisema, ndiyo heshima ya nyumba. Na kila masika kuta hizo safi zilipasuka zikaanguka, nao wakaanza upya.

Nyanzobe alikuwa ameanza upya mara nne. Mumewe alikuwa amekufa, akamwachia mama yake, kikongwe asiyeweza tena kuinuka, ambaye sasa alilala chini ya paa lisilo na ukuta. Mawingu yalikuwa yameshakaa mlimani. Siku ile, baada ya kutwanga mpunga tangu alfajiri, Nyanzobe aliutazama uwanja uliojaa pumba, akautazama ufagio, asiuinue. Alimwaga udongo palepale juu ya pumba, akamimina maji, akaanza kukanyaga. Ndivyo Holo alivyomkuta.

Holo aliondoka akisonya. Nyanzobe aliendelea, si kwa ushujaa. Hata kuacha kulihitaji nguvu. Matofali yalitoka na vinyweleo kama ngozi ya mbuzi, akaona aibu kuyatazama. Lakini yalikauka bila ufa. Akajenga, akamwingiza mkwewe ndani.

Mvua ilinyesha siku tisa. Nyanzobe alikaa na kiganja ukutani, akiungoja uanguke kama alivyozoea. Pumba zilikuwa zimeushika udongo. Ukuta ulilowa tu.

"Bado haujaanguka?" mkwewe aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi lala, mwanangu."

Akalala, kwa mara ya kwanza masika yale.

Siku ya kumi Holo alikuja, tope hadi magotini, kikapu kichwani. Nyumba yake safi ilikuwa imeanguka.

Tangu masika yale, watu wa bondeni hawachomi tena pumba baada ya mavuno. Anayekwenda kumsaidia mwenzake kufyatua matofali hubeba kikapu cha pumba, na kabla ya kuvuka kizingiti hurudia maneno aliyoyasema Holo mlangoni:

"Wifi, hata mimi nimechoka. Nimeleta pumba. Nionyeshe pa kumwaga."