Fisi Aliyecheka Kabla ya Kichekesho

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kuwaogesha watoto asubuhi kama sisi, alikuwako mwalimu mmoja, Nguchiro. Mwili kiduchu, maneno tele! Kila vuli alifundisha somo moja tu, Somo la Kukimbia. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa sungura, wa pimbi na wa panya buku, yaani wale wote ambao Fisi huwameza bila kutafuna.

Somo lenyewe halikubadilika hata nukta. Mwalimu aliuliza, "Hatari ikija?" Watoto wakajibu, "Kulia!" Maana upande wa kulia wa uwanja palikuwa na pango la mawe, mlango wake mwembamba, Fisi hapiti. Kisha kilifuata kichekesho cha Konokono, halafu mazoezi ya mbio.

Nguchiro alilizoea somo lake mno. Alilifundisha huku akiwaza mboga ya jioni.

Vuli moja, katikati ya somo, Pimbi mdogo akapiga miayo. Aaaah!

"We Pimbi! Asubuhi yote hii, miayo ya nini?"

"Samahani, mwalimu. Mama alinisimulia somo lote jana nikiwa naoga. Sasa hivi anakuja Konokono."

Darasa zima, kwi kwi kwi!

Nguchiro aliona haya, masikio yakamwaka moto. "Kumbe unajua! Basi nyamaza, wenzako wasikie. Siku moja Konokono alitoka kwenda shule..."

"Hii-hi-hi-hiii!"

Cheko lilitoka kichakani. He! Nani anacheka, na kichekesho hata hakijafika? Nguchiro akatupa jicho la pembeni. Nyuma ya majani aliona midomo minene ikichezacheza, ikisema naye neno kwa neno.

Alikuwa Fisi. Kumbe kila vuli alijibanza pale kusikiliza! Fisi si mwepesi wa kushika mambo, lakini somo likirudiwa miaka nenda miaka rudi, hata yeye litamwingia.

"Ole wangu," aliwaza Nguchiro. "Ameshajua pango lilipo. Atakaa mlangoni, na mimi mwenyewe ndiye nitakayempelekea watoto."

Aliogopa, wanangu, aliogopa kwelikweli. Lakini hakushtuka usoni. Akaendelea kwa sauti ile ile, "...njiani Konokono akakumbuka hajafunga mlango. Akageuka arudi nyumbani, loo, nyumba si hiyo mgongoni!"

Nyasi zikalia shwaa, shwaa, kuelekea upande wa kulia. Fisi hakuona haja ya kungoja mwisho wa somo. Mwisho aliujua.

"Sogeeni haraka," Nguchiro akanong'ona. "Leo somo jipya. Hakuna kukimbilia pangoni. Neno ni lile lile, kulia, ila leo si upande. Kulia ni nini tena?"

Pimbi mdogo akakodoa macho. "Ni... kulia machozi, mwalimu?"

"Hapo hapo! Na kwa sauti, mpaka Mama Ndama awasikie!"

Mama Ndama alikuwa Nyati wa bondeni, aliyejifungua majuzi. Kilio cha mtoto yeyote kilimtia wazimu.

Mara sauti ikasikika kutoka kwenye mawe ya mlangoni mwa pango, imebanwa ili ifanane na ya Nguchiro. "Hatari! Hatariii!"

"Hatari ikija?" akauliza Nguchiro.

"Kuliaaa!"

Wakaangua kilio. "Uwiii! Mama weee! Nakufaaa!" Pimbi mdogo hakukumbuka miayo tena, alilia hadi kamasi zikamtoka.

Fisi akachomoza kichwa nyuma ya mawe ya mlangoni, amekasirika. "Nyie watoto, mnakosea! Kulia ni huku! Hukuuu!"

Gudu! Gudu! Gudu! Ardhi ikatetemeka, Nyati huyo.

"Nani anawaliza watoto wa wenzake?"

"Si mimi, Mama Ndama! Mimi nawasahihisha tu..."

Pu! Pembe ikamkuta matakoni. Fisi akapaa, akatua kwenye miiba. "Yalaaa!" Akaondoka mbio, huku akichechemea na kulalamika. "Mwalimu, umenionea! Somo lote nimelikariri!"

"Umekariri la mwaka jana, bwana!"

Watoto walicheka mpaka wakagaagaa chini, na Nguchiro akacheka nao kwa raha ambayo darasani hakuwa ameionja siku nyingi. Tangu hapo, kila somo lilipokwisha aliwauliza, "Leo mmepiga miayo wapi?" Na hapo walipopataja ndipo alipopageuza, kila vuli, hadi mama zao wakaomba nao kukaa darasani.

Basi, wanangu, mwalimu akiacha kujifunza, anamfundisha hata adui yake.